Kingo Mbili za Mto Ncome

Dundee ni mji mdogo kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, chini ya milima ya Biggarsberg. Ulianzishwa mwaka 1882 katika shamba la mlowezi wa Kiskoti, Peter Smith, aliyeupa jina la mji wa kwao, nao ukakua kwa makaa ya mawe. Leo sehemu kubwa ya migodi imefungwa. Mgeni akijitambulisha kuwa ni mgeni, jambo la kwanza analoulizwa ni iwapo amekuja kutazama vita.

Nilikuwa nimekuja kutazama vita. Mkutano wa wanahistoria uliokuwa umenipeleka Durban ulikwisha siku ya Jumatano, nikapanda basi hadi huko nikakaa siku nne. Katika eneo ambalo mtu mwenye gari anaweza kulizunguka kwa siku mbili bila haraka, kuna uwanja wa Ncome wa mwaka 1838, viwanja vya Isandlwana na Rorke's Drift vya mwaka 1879, na kilima cha Talana ambako mwaka 1899 Waingereza na Makaburu walipigana pambano kubwa la kwanza la vita yao ya miaka mitatu. Hivi ndivyo vivutio vya Dundee. Hakuna simba wala ufukwe. Kinachouzwa ni mahali watu walipouana, pamoja na mtu wa kukueleza walivyouana.

Katika madarasa yetu tunapenda kuwaambia wanafunzi kwamba historia huandikwa na mshindi. Nimeisema kauli hiyo mara nyingi, na vizazi kadhaa vya wanafunzi wangu wameiandika katika mitihani na kupewa alama. Nilipofika Isandlwana niliona kwamba nimekuwa nikifundisha jambo ambalo ni nusu ya ukweli.

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la mfalme Cetshwayo, la watu wapatao 20,000, liliivamia kambi ya Waingereza chini ya mlima huo. Lord Chelmsford alikuwa amevuka mto Mzinyathi siku chache tu kabla, baada ya Wazulu kupewa masharti ambayo hakuna ufalme ungeweza kuyakubali ukabaki kuwa ufalme: wavunje mfumo wao wa kijeshi na kumpokea mwakilishi wa Uingereza. Kambini mlikuwa na watu wapatao 1,700. Zaidi ya 1,300 waliuawa kabla jua halijatua. Ilikuwa mojawapo ya siku mbaya kuliko zote ambazo jeshi la Uingereza liliwahi kuziona mbele ya jeshi la Kiafrika. Mshindi, kwa hiyo, anajulikana.

Sasa simama pale utazame. Uwanda umejaa marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe, moja hapa, matatu kule, mengine yakiteremka mteremko hadi mahali walipokimbilia. Kila rundo ni kaburi la watu wa upande wa Waingereza. Kati ya marundo hayo kuna minara ya vikosi vya Kiingereza na ya walowezi wa Natal, yenye majina yaliyochongwa. Wazulu waliokufa siku ile, ambao makadirio ya kawaida yanawahesabu kuwa elfu moja au zaidi, walichukuliwa na ndugu zao, au wakafukiwa korongoni na katika mashimo ya nafaka ya vijiji vya jirani. Mnara wao, ambao ni mfano wa isiqu, mkufu wa heshima wa shujaa wa Kizulu, umetengenezwa kwa shaba nyeusi, nao uliwekwa mwaka 1999. Kwa miaka 120, mtu aliyepita pale bila kujua kusoma angeapa kwamba ule ni uwanja wa ushindi wa Waingereza.

Maelezo yake si magumu. Mwezi Julai mwaka huohuo wa 1879 Waingereza waliuteketeza mji mkuu wa Ulundi, wakamkamata Cetshwayo mwezi wa Agosti, na wakaigawa nchi yake vipande 13 chini ya watawala waliowachagua wao. Kuanzia hapo, aliyekuwa na mamlaka juu ya ardhi ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusimika jiwe juu yake. Mshindi wa vita alikuwa na kumbukumbu, nyimbo na majigambo ya koo. Aliyeshindwa siku ile alikuwa na hatimiliki, fundi mwashi na bajeti. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo, lakini kwanza sharti ngoma iwe mkononi mwake.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kuelewa jambo hili upesi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa. Ni Isandlwana yetu, kwa kipimo kidogo. Ukienda Lugalo, mnara utakaoukuta wa zamani kuliko yote ni ule wa Wajerumani, wa kumkumbuka Zelewski na wenzake. Nimewapeleka wanafunzi pale mara mbili. Mara zote mbili kuna aliyeuliza kwa nini tunaheshimu kaburi la mvamizi, na mara zote mbili nilijibu kwa maneno marefu ambayo hayakumridhisha, wala mimi mwenyewe.

Tena kuna watu ambao hawakai vizuri upande wowote. Kati ya waliokufa kambini Isandlwana, mamia walikuwa Waafrika wa Natal waliochukuliwa kuwa wapiganaji wa Waingereza, wengine wao wakitoka katika familia zilizowahi kuukimbia ufalme wa Wazulu. Katika jeshi ambalo Hermann von Wissmann alilijenga kwa ajili ya kuitiisha pwani yetu mlikuwa na Wasudani, na pamoja nao askari walioajiriwa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita “Wazulu”. Ukiipanga historia kama mechi ya timu mbili, watu hawa hawana jezi.

Rorke's Drift sitakaa nayo sana, maana dunia imekaa nayo vya kutosha. Jioni ya siku ileile ya Isandlwana, askari wapatao 150 waliokuwa wakilinda kituo cha misheni kando ya kivuko cha Mzinyathi walihimili mashambulizi ya Wazulu 3,000 au zaidi waliokuwa chini ya Dabulamanzi, ndugu wa mfalme, usiku kucha. Walipewa nishani 11 za Victoria Cross. Wanahistoria wamekwisha kusema, na sina la kuongeza, kwamba nishani hizo zilisaidia kuufunika msiba wa mchana. Mwaka 1964 ikatoka filamu ya “Zulu”, ambayo haikupigwa picha pale bali katika milima ya Drakensberg, na ambamo Mangosuthu Buthelezi aliigiza nafasi ya Cetshwayo, babu wa mama yake mzazi. Wageni niliokutana nao, wengi wao wastaafu kutoka Uingereza, walikuwa wameiona filamu hiyo utotoni. Walikuja kuhakikisha kwamba mahali pale papo. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alilia alipoonyeshwa ukubwa wa chumba cha wagonjwa. Lakini wengi wao walitumia saa mbili kwenye vita vya usiku mmoja, na dakika chache katika karakana za jirani.

Karakana hizo zinastahili zaidi. Mwaka 1962 Wasweden wawili, Peder na Ulla Gowenius, walianzisha chini ya Kanisa la Kilutheri kituo cha sanaa na ufundi ambacho mwaka uliofuata kilihamia Rorke's Drift. Pale walifunzwa wafumaji wa mazulia ya ukutani, wafinyanzi na wachoraji wa chapa wakati ambapo Mwafrika alikuwa na milango michache mno ya kusomea sanaa Afrika Kusini. Azaria Mbatha na John Muafangejo walipita hapo. Chapa zao za rangi nyeusi na nyeupe, zilizochongwa kwenye mpira wa sakafuni, leo zimo katika majumba makubwa ya sanaa. Shule ya sanaa ilifungwa mwaka 1982, lakini ufumaji na ufinyanzi uliendelea. Nilinunua bakuli. Mwongozaji wetu alikuwa anatazama saa.

Siku ya tatu nilikwenda Ncome, na huko ndiko ninakotaka msomaji asimame nami kwa muda.

Mwezi Februari 1838 mfalme Dingane alimuua Piet Retief na ujumbe wake wa Makaburu waliokuja kuomba ardhi, kisha akatuma majeshi dhidi ya kambi zao. Tarehe 16 Desemba mwaka huo, kundi la Makaburu wapatao 470 chini ya Andries Pretorius, wakiwa na mikokoteni 64 iliyofungamanishwa kuwa boma, walishambuliwa kando ya mto Ncome na jeshi la Wazulu zaidi ya 10,000. Bunduki na mizinga vilifanya kazi yake. Kwa hesabu ya Makaburu wenyewe walikufa Wazulu zaidi ya 3,000. Upande wao walijeruhiwa watu watatu, Pretorius akiwa mmoja wao. Mto uligeuka rangi, na kwa sababu hiyo Makaburu wakauita Mto wa Damu. Siku chache kabla ya pambano, Sarel Cilliers alikuwa ameongoza nadhiri: Mungu akiwapa ushindi, wao na wazao wao wataiadhimisha siku hiyo kama Sabato na kumjengea nyumba.

Juu ya nadhiri hiyo ilijengwa dola. Leonard Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya visasili vya kisiasa vya ubaguzi wa rangi, alionyesha kwamba kwa miongo kadhaa baada ya 1838 ni wachache walioikumbuka nadhiri hiyo, na kwamba ilifufuliwa pale ilipohitajika kisiasa. Mwaka 1910, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa, siku ile ikawa sikukuu ya taifa kwa jina la Siku ya Dingane. Baadaye ikaitwa Siku ya Agano, kisha Siku ya Nadhiri. Na kuhoji kulikuwa na bei. Mwezi Machi 1979 Profesa F. A. van Jaarsveld, mwanahistoria Kaburu tena mzalendo wa Kikaburu, alipokuwa akitoa mhadhara Pretoria uliotilia shaka utakatifu wa siku hiyo, alivamiwa jukwaani na wafuasi wa Eugène Terre'Blanche wakammwagia lami na manyoya. Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu kisa hicho wanapodhani kwamba kubishana juu ya tarehe ni mchezo wa wasomi.

Waliokandamizwa nao waliishika tarehe hiyohiyo. Tarehe 16 Desemba 1930 huko Durban, katika maandamano ya kuchoma pasi, polisi walimjeruhi kijana mkomunisti Johannes Nkosi, naye akafa kwa majeraha hayo. Tarehe 16 Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe walilipua mabomu yao ya kwanza. Hivyo mwaka 1994 serikali mpya ilirithi siku ambayo kila upande ulikuwa umekwisha kuiandika kwa damu yake, na badala ya kuifuta, kuanzia 1995 ikaiita Siku ya Maridhiano.

Ncome yenyewe ilifanywa ifanane na wazo hilo. Upande wa magharibi wa mto, Makaburu walikuwa wameacha rundo la mawe tangu 1866. Mwaka 1947 wakasimika mkokoteni wa mawe ya matale. Mwaka 1971 wakaweka mikokoteni 64 ya shaba nyeusi, kila mmoja wa ukubwa wa kweli, katika umbo la boma. Lazima nikiri kwamba inatisha. Upepo unavuma kati ya magurudumu, nyasi zimekatwa vizuri, na mtu anaingia ndani ya boma akajikuta anatazama nje kwa macho ya waliokuwa ndani. Hakuna sanamu ya adui. Adui ni uwanda mtupu.

Upande wa mashariki, serikali ya kidemokrasia iliwaita wanahistoria wa mirengo mbalimbali wajadili upya vita hivyo, na tarehe 16 Desemba 1998 ikazindua mnara wa Wazulu. Makumbusho yaliyojengwa hapo yamepinda kama pembe za fahali, umbo la shambulio la Kizulu, na pembe zinaelekea ng'ambo, kwenye mikokoteni. Tarehe 16 Desemba 2014 Rais Jacob Zuma akazindua daraja la waenda kwa miguu kati ya kingo mbili. Kila mwaka siku hiyo mikusanyiko miwili hufanyika, mmoja kila upande wa maji.

Nilivuka daraja kwenda na kurudi. Wakati wote niliokuwa pale sikuona mtu mwingine akivuka, ingawa ilikuwa siku ya kawaida ya kazi na pengine sipaswi kuhukumu kwa siku moja. Hukumu yangu ni juu ya mpango wenyewe. Kuwapa wale walionyimwa jumba lao ilikuwa haki, na anayesema kwamba lile la pembe za fahali ni fedha iliyopotea nitambishia. Hata hivyo majumba mawili yanayotazamana, kila moja na wafu wake na maelezo yake, yanaweza kuishi miaka mia bila kuambiana neno. Daraja ni la miguu tu. Mtu anaweza kulivuka akabeba simulizi yake mfukoni mpaka ng'ambo, akairudisha kama alivyokwenda nayo.

Na simulizi zote mbili, zikiachwa hivyo, zinauficha ukweli uleule: kwamba kingo hazikuwa mbili. Ndani ya boma la mikokoteni walikuwamo watumishi Weusi wa Makaburu na wapiganaji Weusi waliotoka Port Natal, ambayo ndiyo Durban ya leo. Mpande, ndugu wa Dingane, alikwenda kwa Makaburu mwaka uliofuata, akaungana nao, na mwaka 1840 wakamng'oa Dingane. Mpande akawa mfalme. Mwanawe ndiye Cetshwayo wa Isandlwana. Ndlela, jemadari aliyeongoza Wazulu pale Ncome, hakuuawa na Kaburu: aliuawa kwa amri ya Dingane mwenyewe baada ya kushindwa na majeshi ya Mpande. Mtoto wa Ndlela, Mavumengwana, alikuwa mmoja wa majemadari wawili waliowashinda Waingereza mwaka 1879, akimtumikia mtoto wa yule aliyeshirikiana na Makaburu. Familia moja inavipitia vivutio viwili vya Dundee, na hadithi yake haienei katika basi la watalii linalouza “Wazulu dhidi ya Makaburu” asubuhi na “Wazulu dhidi ya Waingereza” alasiri.

Wapo pia waliokuwa wamekwisha kuondoka. Karibu miaka ishirini kabla ya mikokoteni kufika Ncome, vita kati ya Shaka na ufalme wa Ndwandwe viliwasukuma watu wengi kaskazini. Zwangendaba na watu wake walipita Msumbiji, wakavuka Zambezi mwezi Novemba 1835, wakafika Ufipa, ambako alifariki mwishoni mwa miaka ya 1840. Wazao na washirika wao ndio Wangoni wa Songea. Nilipomweleza kijana aliyekuwa mlangoni kwamba kwetu kusini mwa Tanzania wapo machifu waliobeba majina ya Gama na Zulu, na kwamba nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya Maji Maji, alinitazama kwa makini akaniuliza, “Baba, wanajua kwamba sisi tupo?” Nilijibu kwamba wanajua. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mtalii anayetembelea Makumbusho ya Maji Maji akitoka Dar es Salaam anaelezwa juu ya Wajerumani kwa urefu, na juu ya watu ambao Wangoni wenyewe waliwakuta, wakawashinda na kuwameza, kwa ufupi.

Hapo ndipo safari yangu ilipoacha kuwa ya Afrika Kusini peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea, na tangu hapo mazungumzo juu ya mafuvu, minara na utalii wa kumbukumbu yamepata nguvu mpya nchini kwetu. Baadhi ya wasomaji wa makala hizi ni watumishi wa umma ambao mezani kwao patafika, kama hapajafika, andiko la mradi wa “kuendeleza maeneo ya kihistoria”. Ninawaomba jambo moja la vitendo. Kabla ya kuamua jengo liwe na umbo gani, kaeni na swali la maandishi yatakayobandikwa: nani alikuwa ndani ya jeshi la Zelewski, nani alikuwa mateka katika boma la Mngoni, nani alishirikiana na Mjerumani dhidi ya Mkwawa na kwa sababu gani. Mnara wa Wajerumani wa Lugalo nisingependa ubomolewe. Ningependa kibao kinachousema ulivyo, kimesimama hatua tano kutoka kwake, katika uwanja uleule na si ng'ambo ya mto.

Siku ya mwisho nilibaki mjini. Jumba la makumbusho la Talana, chini ya kilima ambako Jenerali William Penn Symons alipigwa risasi ya tumbo tarehe 20 Oktoba 1899, lina sehemu ya makaa ya mawe, nayo ndiyo iliyonishika. Makaa hayo yalichimbwa na Waafrika na na Wahindi wa mikataba. Mwezi Oktoba 1913 wachimbaji Wahindi wa upande wa Newcastle waligoma kupinga kodi ya pauni tatu, na Gandhi akawaongoza kwa maelfu kuvuka mpaka kuingia Transvaal bila vibali. Alishtakiwa na kuhukumiwa hapahapa Dundee, tarehe 11 Novemba. Miezi mitano kabla, bunge la Muungano lilikuwa limepitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao. Yote mawili yalitokea bila mkuki wala mkokoteni, na yaliathiri maisha ya watu wa bonde hili kuliko mapambano yote manne. Sikukutana na basi la kukupeleka kuyatazama. Sheria haina uwanja wa kusimama na kuonyesha kidole.

Lipo jambo jingine ambalo lina uwanja, tena mrefu. Mwanzoni mwa Oktoba 1899, vita ilipokuwa inakaribia, migodi ya dhahabu ya Johannesburg ilianza kufungwa na wachimbaji wa Kizulu wakaachwa bila kazi wala usafiri. Afisa mmoja wa serikali ya Natal, John Sidney Marwick, alipata ruhusa ya Makaburu kuwapitisha, na watu wapatao 7,000 wakatembea kwa miguu kwa muda wa siku kumi hivi, wakipita katikati ya jeshi la Makaburu lililokuwa likijikusanya mpakani, mpaka wakafika kituo cha treni cha Hattingspruit, kilomita chache kaskazini mwa Dundee. Siku tano baadaye mizinga ililia Talana.

Nilirudi Johannesburg kwa gari dogo la abiria lililopita barabara hiyohiyo ya Hattingspruit, Dannhauser na Newcastle. Nilikaa dirishani nikitafuta kibao. Sikukiona. Abiria wenzangu wengi walikuwa wafanyakazi wanaorudi kazini baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, na kabla hatujafika Newcastle karibu wote walikuwa wamelala.